Hesabu ya Safari ya Dada

Kila siku, saa tatu asubuhi, Baba alitoka kwenda uani kusoma kipima mvua. Alitoka hata kama jua lilikuwa limewaka wiki nzima. Aliinama, akatazama ndani, kisha akarudi kuandika kwenye daftari: tarehe, saa na namba. Kama mvua haikunyesha aliandika sifuri. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, alijibu kwamba sifuri nayo ni habari.

Kazi hiyo aliifanya kituo cha hali ya hewa kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, wakubwa zake walimpa cheti na saa ya ukutani. Yeye akaomba kipima mvua cha zamani, kile kilichopasuka ukingo. Alikisimika katikati ya uwanja, mbali na paa, na akapiga marufuku nguo kuanikwa karibu nacho. Mama alilalamika mwaka mzima. Alisema kamba yake ya nguo imefukuzwa na kopo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu na kigoda. Mimi ni kitinda mimba, na nilishona pamoja naye tangu nilipomaliza shule. Tulishona sare za wanafunzi na magauni. Kitambaa Mama alikikata kwa kukadiria, na hakukosea. Lakini pindo hakulikadiria. Mwenye gauni alipaswa kupanda juu ya kigoda, amevaa viatu atakavyovivaa. Mama alipiga magoti na kumzunguka na chaki, pini zikiwa mdomoni.

"Pindo linapimwa mtu akiwa amesimama," alinifundisha. "Asiposimama mtu, usikate."

Dada yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi mbali. Alikuwa mpimaji wa damu katika maabara ya hospitali, nchi nyingine, saa nane na nusu kwa ndege. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi na mbili, kwa siku kumi. Kila mwaka Mama alimshonea gauni jipya. Alilimaliza lote, akaacha pindo likingoja miguu ya mwenyewe. Nilimwambia mtu wa miaka thelathini na minane harefuki. Mama akajibu kwamba viatu vyake vinarefuka.

Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya Bomba. Jina lake la kuzaliwa tulikuwa tumelisahau. Alikuwa amefanya kazi uwanja wa ndege miaka ishirini, akivuta mpira mnene wa kujazia ndege mafuta, ndipo akaitwa Bomba. Sisi watoto tulimwita Mjomba Bomba. Yeye na Baba walikuwa watani. Bomba alisema Baba ameajiriwa kungojea maji ya Mungu. Baba alisema ni afadhali kungojea maji kuliko kumwaga mafuta. Walikaa barazani karibu kila jioni wakibishana kuhusu mpira, bei ya mkaa na siasa. Hawakuwahi kuzungumza kuhusu kilichokuwa ndani ya daftari la Baba. Daftari hilo halikufunguliwa na mtu mwingine. Namba za Baba nyumbani kwetu hazikuulizwa. Akisema ni ishirini, ni ishirini.

*

Kwa miaka kadhaa mvua zilikuwa zimeharibika. Zilichelewa kuanza, kisha zilimwagika zote kwa siku tatu na kuacha mashimo barabarani. Watu wengine walilalamika wakasahau. Baba hakuweza kusahau kwa sababu alikuwa ameziandika. Aliumia moyoni. Wakati mwingine alifungua daftari la zamani na kulilaza kando ya jipya, akazitazama kurasa mbili.

Mwezi wa saba, redio ilieleza kwamba dunia inazidi kupata joto. Sababu moja ni hewa ukaa, ile inayotoka tunapochoma mafuta, makaa na kuni. Mtangazaji akataja ndege. Alisema ndege kubwa, kwa safari ya masafa kama ya Dada, inaweza kuchoma kilo elfu arobaini na tano za mafuta kwenda tu. Na kila kilo ya mafuta ikiungua inatoa kilo tatu nukta moja sita za hewa ukaa.

Baba alizima redio. Akachukua kalamu. Akaandika elfu arobaini na tano, akazidisha kwa mbili, kwenda na kurudi. Akazidisha kwa tatu nukta moja sita. Akapata kilo 284,400. Hizo ni tani mia mbili themanini na nne, na zaidi kidogo. Akazipigia mstari mara mbili.

Asubuhi ya pili aliniita na simu yangu, nimwandikie Dada ujumbe. Alinisomea neno kwa neno, na mimi nikaandika: "Mwanangu, mwaka huu usije. Nimepiga hesabu. Safari yako moja inatoa tani mia mbili themanini na nne za hewa ukaa. Hatuwezi kuililia mvua huku tukiichoma sisi wenyewe. Tutazungumza kwa simu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kusema. Alianza kuzitoa, moja baada ya moja, akizichomeka kwenye kola yake. Alipotoa ya mwisho, nilikuwa nimekwisha kuutuma. Kila nikiikumbuka siku hiyo najiuliza kwa nini sikumngoja amalize.

"Tani mia mbili themanini na nne ni kiasi gani?" akauliza.

Baba akamwambia ni nyingi kuliko zinazotoka mtaa wetu mzima kwa mwaka.

"Basi," akasema Mama. Akarudisha pini mdomoni, akarudi kwenye cherehani.

Dada alipiga simu siku hiyo hiyo. Alitaka kubisha, lakini Baba alimsomea ile namba, naye akanyamaza. Kisha akaomba kuzungumza na Mama. Mama alimwambia hajambo. Alimwambia mvua kwanza, mwanangu, na wewe utakuja mwaka mwingine.

Hakuwa hajambo. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alikuwa amempa vidonge na kumwambia apunguze chumvi na kazi. Miguu yake ilivimba kila jioni. Alikuwa akikanyaga cherehani kidogo, anapumzika, anakanyaga tena. Nilipomwambia apumzike, alisema atapumzika Dada akija. Baada ya ule ujumbe hakulisema tena neno hilo. Lakini gauni la Dada alilishona vile vile. Lilikuwa la kijani, lenye mikono mifupi. Alilining'iniza kwenye msumari ukutani, pindo limeshikizwa kwa pini, na kila mteja aliyelitaka aliambiwa lina mwenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili ulipita. Jumapili moja Mama alilionyesha gauni kwenye simu. Dada aliona kola na vifungo. Chini hakuonyeshwa.

*

Mama alifariki mwezi wa pili, siku ya Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ya kwanza baada ya wiki saba. Alikuwa anatia vifungo kwenye shati la mwanafunzi. Aliniambia nimletee maji, na kwamba atajinyoosha kidogo kwenye kiti. Niliporudi na maji nilidhani amesinzia. Baba akaingia kutoka uani, anatabasamu, akasema, "Milimita kumi na mbili, mke wangu."

Hakuziandika. Daftari la Baba lina siku moja tu isiyo na namba, hata sifuri haipo. Ni siku hiyo.

Dada alifika kesho yake jioni. Alisimama mlangoni na mkoba begani, na Baba akasimama mbele yake. Hawakukumbatiana mara moja.

"Nimepanda ndege ile ile, Baba," akasema Dada. "Nimechoma mafuta yale yale. Ila nimekuja kumzika."

Baba alinyoosha mkono. Alimpokea mkoba. Usiku ule sikumsikia akikoroma.

Tulimzika Mama. Majirani walikuja, wakakaa nasi, wakaondoka. Siku ya tatu baada ya mazishi alibaki Bomba peke yake. Tulikuwa wanne chumba cha mbele: Baba na Bomba wamekaa kwenye benchi la wateja, Dada kwenye kiti cha Mama, mimi juu ya kigoda. Baba alikuwa na haja ya kujieleza. Nadhani alikuwa akijieleza kwa Mama, na sisi tulikuwepo tu. Alichukua daftari na kumpa Bomba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimpa mtu daftari hilo.

"Soma mwenyewe," akamwambia. "Sikumkataza mtoto kwa ukatili. Nilitaka kuiokoa mvua."

Bomba alivaa miwani. Alifuata hesabu kwa kidole, mstari hadi mstari, akitikisa kichwa kukubali. Mafuta ya kwenda, sawa. Mara mbili, sawa. Mara tatu nukta moja sita, sawa. Kidole kikafika mwisho wa ukurasa. Akageuza ukurasa wa pili, akaukuta mtupu. Akarudi.

"Na abiria ni wangapi?" akauliza.

"Abiria gani?"

"Waliomo ndani ya ndege."

"Mmoja," akasema Baba. "Binti yangu."

Bomba alivua miwani. Huyu mzee anajulikana kwa mzaha, hata msibani hutafuta neno la kuchekesha. Siku hiyo hakulipata. Alisema polepole kwamba ndege ya aina hiyo hubeba watu kama mia mbili na hamsini. Mafuta yote yale ni ya wote. Hesabu ilipaswa kugawanywa.

Baba alilitazama daftari muda mrefu.

"Mvua haigawanywi," akasema. "Ikinyesha milimita kumi, kila paa limepata kumi. Halafu huigawi kwa watu. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kugawa kwa watu."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa lake. Halikuwa kosa la mtu asiyejua hesabu. Lilikuwa kosa la mpimaji mvua.

Dada alikuwa amechukua chaki ya Mama. Aliandika kwenye ubao wa meza ya kukatia, pale Mama alipozoea kuandika vipimo vya wateja. 284,400 kugawa kwa 250. Akapata 1,138, ukikadiria hadi kilo nzima. Akaisoma kwa sauti.

"Kilo elfu moja, mia moja thelathini na nane. Tani moja na kitu."

Kisha akaweka chaki chini na kulia. Alisema kazini hupima damu ya watu asiowajua, na kila kipimo chenye shaka hukirudia mara mbili. Hiki cha Baba hakukirudia hata mara moja. Nami nikasema mimi ndiye niliyeutuma ule ujumbe. Baba akasema tumwache, kosa ni lake. Bomba alitungoja tumalize. Halafu akasema lililomuuma yeye.

"Mlango wangu na wako ni hatua kumi na tano. Mafuta ya ndege nimeyamimina miaka ishirini. Ungeniuliza, rafiki yangu."

"Sikujua kama kuna la kuuliza," akajibu Baba.

*

Hatukulala tukiwa tumemaliza jambo hilo. Kesho yake Baba mwenyewe alivuka barabara kwenda kumwita Bomba. Alisema anataka kuijua hesabu yote, mwanzo hadi mwisho, hata kama haina faida tena. Bomba alikuja na kikombe chake cha chai, akaketi pale pale kwenye benchi.

Kwanza Baba alitaka kujua jambo lililokuwa likimsumbua tangu redio. Vipi kilo moja ya mafuta itoe kilo tatu za hewa? Bomba akaeleza kwamba moto haulishwi na mafuta peke yake. Unakula na hewa iliyo karibu. Mafuta yanaungana na hewa hiyo, ndiyo maana kinachotoka ni kizito kuliko kilichoingia.

Kisha akaeleza njia ya mtu asiyejua mafuta ya ndege ni kiasi gani, kwa maana abiria wengi hawajui. Mtu huyo aanze na umbali. Safari ya Dada ilikuwa kilomita elfu sita mia tisa kwenda. Ukijumlisha na kurudi ni elfu kumi na tatu mia nane. Kwa safari ndefu, ukikadiria gramu tisini za hewa ukaa kwa kila abiria kwa kila kilomita, hutakuwa mbali na ukweli. Dada aliandika ubaoni, akazidisha. Ilitoka kilo 1,242. Baba alishtuka kuona namba hailingani na ya jana.

"Ipi ni sahihi?"

"Haya ni makadirio, si kipimo chako cha kopo," akasema Bomba. "Ndege moja imejaa, nyingine nusu tupu. Moja mpya, nyingine kuukuu. Hesabu mbili zikikupa tani moja na kitu, umefika. Ila ikikupa moja tani moja, na nyingine mia mbili, jua kuna mahali umepotea."

Akaendelea kidogo kidogo, akinywa chai. Safari fupi, alisema, ni mbaya zaidi kwa kila kilomita, kwa sababu kupaa ndiko kunakokula mafuta. Huko ukadirie gramu mia na hamsini. Mtu anayekaa viti vya mbele, vile vipana vya kulala, amechukua nafasi ya watu wawili au watatu, basi hesabu yake nayo izidishwe mara mbili au tatu. Tena ndege ikiwa juu kabisa, moshi na mvuke wake huongeza joto kwa namna nyingine pia. Wataalamu bado wanapima ni kwa kiasi gani. Wengine huzidisha jumla karibu mara mbili. Ukiamua kuzidisha, zidisha safari zote, usichague.

Nilimwambia Bomba kwamba nimesikia watu wakisema ndege ingeruka tu hata Dada asingepanda. Alikubali kwamba kwa siku moja ni kweli. Lakini wenye ndege huhesabu wanaopanda. Wakiwa wengi huongeza ndege, wakipungua hupunguza.

Baba aliuliza swali ambalo nilijua litakuja.

"Basi nilikosea kumwambia asije?"

Bomba aliweka kikombe chini. Alisema tani moja si mchezo. Mtaani kwetu wengi huenda hawafikishi tani hiyo kwa mwaka mzima, pamoja na mkaa wanaopikia na magari wanayopanda.

"Kujali hukukosea," akasema. "Namba ndiyo uliyokosea. Lakini namba haikuambii nani aende na nani asiende. Inakuambia uzito tu. Kama mzigo una uzito wa tani moja, unauliza: nimebeba nini humo?"

 Dada akafungua simu yake, akaanza kutafuta tarehe. Alituambia kwamba katika mwaka ule ambao hakuja nyumbani alipanda ndege mara tano kwa ajili ya kazi. Zote zilikuwa safari fupi, kilomita mia nane kwenda. Mikutano ya nusu siku. Mara mbili alisikiliza tu na hakusema neno. Alichukua chaki. Kilomita elfu moja na mia sita, kwenda na kurudi, mara gramu mia na hamsini: kilo mia mbili na arobaini. Mara tano: kilo elfu moja na mia mbili.

Namba hizo mbili zilikaa ubaoni karibu karibu. 1,138, kwenda kumwona Mama. 1,200, kwenda mikutanoni.

"Huko hakuna aliyeniandikia nisije," akasema Dada. "Na hakuna aliyekuwa mgonjwa."

Baba aliinuka, akaenda uani. Nilimwona kupitia dirisha amesimama kando ya kopo lake, mikono nyuma. Haikuwa saa tatu. Hakuwa na la kusoma. Nilitamani nimfuate, nikaona afadhali nimwache.

*

Dada aliporudi kazini alifanya hesabu ya maabara yao yote. Aliandika safari kila moja ya mwaka mzima: nani, wapi, umbali, kiti gani, na alikwenda kufanya nini. Ile safu ya mwisho, ya "kufanya nini", alisema ndiyo iliyowatoa watu jasho. Mwanzoni walimcheka wakamwita karani wa moshi. Mkubwa wake alibisha. Dada akamwomba aikague hesabu mwenyewe, na wenzake wengine wawili waikague. Walikuta makosa mawili, akayasahihisha. Kisha wakakubaliana. Mikutano ya nusu siku ikawa ya kuonana kwenye kompyuta. Mahali penye treni, watu wakapanda treni. Kati ya safari zake tano, ikabaki moja.

Kwa likizo yake alifanya jambo jingine. Badala ya kuja siku kumi kila mwaka, aliomba aunganishe likizo yake yote ya miaka miwili. Safari ni ile ile moja, siku zinazidi. Baba ndiye aliyemwandikia, kwa mkono wake, kwa simu yangu, herufi moja moja: "Njoo. Ukae sana. Hesabu nimeikubali."

Alikuja mwezi wa kumi na mbili uliofuata, akakaa wiki sita. Wakati huo kitu kimoja nyumbani kilikuwa kimebadilika, na wageni wakikiona hucheka. Baba hasomi tena kipima mvua peke yake. Saa tatu ananiita, au anamwita Bomba, na kila mtu anaisoma namba kimya na kuiandika kwenye karatasi yake. Kisha wanalinganisha. Bomba husema amefika uzeeni ndipo akapata kazi ya maji safi. Mara nyingi namba zinalingana. Wiki moja hazikulingana mara mbili, kwa sababu macho ya Baba si yale ya zamani, na alizisahihisha namba zake bila ubishi.

Kuna kitu sikuwa nimemwonyesha Dada. Siku za msiba nililitoa lile gauni msumarini nikalificha kwenye droo ya vitambaa, na pini zake. Sikuwa na nguvu ya kuliona. Asubuhi moja ya wiki yake ya pili nyumbani nililitoa, nikaliweka mezani. Dada aliitambua kola. Alilikunjua mpaka chini, akaona pindo lilivyoshikizwa kwa pini, na pini mbili tatu zimeanza kutu.

 Alikwenda kulivaa. Alirudi amevaa na viatu vyake, akapanda juu ya kigoda, akajitazama kwenye kioo. Alikuwa amepungua mwili, kiuno kilimlegea. Nilichukua futi na chaki nikapiga magoti. Mikono miwili haikutosha kushika futi, chaki na pindo.

Baba alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Aliingia, akapiga magoti upande wa pili, jambo ambalo si rahisi kwa magoti yake, akaomba nimpe futi. Aliishika sakafuni kwa dole gumba, akainyoosha hadi ukingo wa gauni, akasogeza uso karibu kabisa.

"Inchi kumi na nne," akasema. Kisha akanipa futi. "Soma na wewe."

Nikasoma. Zilikuwa kumi na nne. Dada naye akainama kutoka juu ya kigoda, akasoma. Kumi na nne. Nikatia chaki, nikazunguka gauni lote, na mtu alikuwa amesimama ndani yake, kwa hiyo nikakata.